Nafasi Chini ya Mkono

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na hakuna aliyelitamka jina hilo kwa kumpaka mafuta. Alisokota uzi wa sufu kwa mkono, akiwa amesimama, huku anapita jikoni kuonja chumvi, huku anamsemesha jirani dirishani, na kijiti chake kinazunguka hewani chini ya vidole utadhani hayo maneno yote hayakihusu. Uzi uliotoka hapo ulikuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho. Mfumaji wa mablanketi aliupitisha vidoleni amefumba macho, kisha akaguna tu, na mguno wa mzee yule haukutolewa ovyo.

Dada wa mumewe naye alisokota. Huyu aliitwa Taratibu, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Mabishano yao yalianzia kwenye vijiti. Cha Fundi kilikuwa na kisahani cha mbao juu, karibu na kindoano cha uzi, kidogo na chepesi. Ukikisugua pajani mara moja tu kinachachamaa. Cha Taratibu kilikuwa na kisahani chini, kipana, kinachozunguka polepole lakini bila kuchoka upesi. Fundi alikiita lori.

"Wifi, lori lako limefika wapi leo?" angeuliza.

"Mwenda pole hajikwai," angejibu Taratibu, na wote wawili wangecheka. Lakini moyoni Taratibu aliujua ukweli: wifi yake alikuwa bora kuliko yeye, bora kuliko wote, na alimpenda kwa hilo bila chembe ya kijicho.

Kisha Fundi akateleza uani na kuvunjika paja. Daktari alisema mfupa utaunga, ila asitegemee tena kusimama kutwa. Wakamshushia kitanda chumba cha chini, wakamwekea kiti dirishani, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mtu aliyeketi hana urefu. Uzi haujafika hata mkono mmoja, kijiti kimeshagonga sakafu. Inabidi asimamishe, akunje, aanze upya. Kila alipoanza upya palibaki kifundo, na Fundi hakuwahi kuwa mtu wa vifundo.

Mfumaji alikuja kumjulia hali. Blanketi lililokuwa kwenye kitanda chake cha kufumia lilikuwa limefika nusu, lote kwa uzi wa Fundi. Alisema kwa upole kwamba angesubiri hadi mwisho wa mwezi, halafu angemalizia kwa uzi wa kiwandani. Fundi alimwitikia vizuri, akamshukuru kwa kuja, na mgeni alipotoka akageukia ukutani. Siku zile chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Taratibu hakuweza kulivumilia jambo hilo. Alizunguka maduka mpaka akapata kijiti cha aina ya tatu, kirefu na chembamba, kinachosimama ndani ya kibakuli, ili msokotaji akae kwa raha zake. Alikileta kwa furaha, lakini mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Mkono wa Fundi ulikuwa umezoea kuusikiliza uzito unaoning'inia, na hiki hakikuning'inia popote. Uzi ulitoka mnene hapa, mwembamba pale. Kwa miaka yote Taratibu alikuwa akitania kwamba kuna siku atamwona wifi yake akishindwa na uzi. Sasa alimwona, na roho ilimuuma vibaya.

"Kiondoe, wifi," Fundi alisema. "Hakinivuti. Sijui kama nasokota au naikuna hewa."

Akageukia ngazi za kwenda juu, ambazo zilizunguka na kuacha uwazi katikati hadi sakafu ya chini. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Mwite kaka yako. Nataka kupanda juu."

"Na mguu huo?"

"Mguu utakaa kitako kama ulivyokaa hapa. Ninachokosa si miguu, wifi. Ni nafasi chini ya mkono."

Mumewe alimbeba huku akilalamika kwamba daktari akisikia, atamvunja na yeye. Wakamkalisha juu, mwishoni mwa ngazi, ubavu kwenye reli, mikono imetokeza juu ya ule uwazi. Fundi akachukua kijiti chake kipenzi, akakisugua kwenye paja lililo zima na kukiachia.

Kilishuka kwa kasi, kikivuma. Katikati ya safari pumzi ikakiishia. Kikasimama, kikaanza kuzunguka kinyume, kikaufungua uzi wote kiliousokota. Sufu ikaachana, kijiti kikaanguka chini na kisahani kikapasuka.

"Basi, tushuke," mumewe alisema kwa sauti ndogo.

Fundi hakulia wala hakufoka. Alikuwa anafikiri, na Taratibu, aliyemtazama usoni, akajua hawashuki bado.

"Ni chepesi mno," Fundi alisema. "Safari ndefu inakishinda. Wifi, nipe chako."

"Lori?"

"Lori. Leo nina mzigo na njia ni ndefu."

Taratibu alimpa, akakimbilia chini. Akakiona kinakuja. Kilizunguka kwa mwendo uleule, hakina papara, na juu yake uzi ulizaliwa kutoka vidole vya Fundi, mwembamba, imara, hauna hata kifundo kimoja. Kilipoanza kulegea karibu na sakafu, Taratibu alikizungusha tena kwa vidole viwili, kikaendelea mpaka mwisho. Alikuwa amesokota tangu usichana wake na hakuwahi kuona uzi wa urefu wa nyumba ukitoka kwa mkupuo mmoja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mume wangu," sauti ya Fundi ilisema kutoka juu, "nenda kwa mfumaji. Mwambie uzi wa kiwandani aurudishe hukohuko kiwandani."

Mumewe akashuka na kutoka mbio.

"Wifi."

"Abee."

"Siwezi kukivuta juu peke yangu. Uzi utajisugua kwenye reli. Naomba unisaidie."

Fundi hakuwa mtu wa kuomba. Taratibu hakukumbuka kumsikia akimwomba mtu yeyote hata amshikie donge la uzi. Akaanza kuukunja uzi kwenye kijiti huku akipanda, anaukaza usilegee, ngazi baada ya ngazi, mpaka vidole vyao vikakutana.

"Umevunjika mguu wewe," alihema, "magoti nitauguza mimi."

Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Akaufunga uzi upya kwenye ncha ya kijiti, akavuta sufu mpya, akamtazama wifi yake aliyekuwa bado anatafuta pumzi.

"Mpanda ngazi hushuka," alimwambia. "Haya, mpenzi wangu, shuka."

Taratibu akashuka, kiganja amekiinua tayari kupokea.