Siku ya Kushusha Gari la Ombeni

Hivi umewahi kumwona mwanaume wa miaka arobaini na mbili akiionea wivu spana? Basi ungefika Kihesa Jumamosi ile, ungemkuta Sedekia kwenye kigoda mlangoni pa jiko la mama yake, amevaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko, anachambua maharage ambayo hakuna aliyemwomba achambue. Macho hayakuwa kwenye maharage. Yalikuwa uani, kwenye sakafu ya saruji, ambako gari la mdogo wake Ombeni lilikuwa juu ya jeki.

Ilikuwa Altezza nyekundu, na Ombeni alikuja nayo kutoka Mbeya pamoja na springi nne fupi za njano, mpya, ili ilale chini kama yale magari ya mashindano. Mbeya alikopanga hakuna uwanja, ndiyo maana akasema atakuja kuifungia nyumbani kwa mama. Sedekia aliposikia hivyo kwenye simu, aliomba ruhusa gereji anakofanya kazi, Ipogolo, na kupanga spana zake kwenye gunia, kuanzia namba nane mpaka thelathini na mbili. Miaka ishirini anafunga springi za malori. Nani mwingine angeitwa?

Ombeni akashuka na fundi wake. Kijana wa Mbalizi, Isakwisa, mwembamba, glovu nyeusi mkononi, boksi la spana linang'aa kama vyombo vya harusi.

"Braza, leo wewe pumzika tu," Isakwisa alimwambia. "Hii siyo kazi ya lori."

"Kwani lori halina springi?"

"Linazo, za kubebea viazi!" Ombeni akadakia, wakacheka. Sedekia naye akacheka, meno tu.

Akakaa anamvizia yule kijana akosee. Akosee wapi? Aliweka stendi za chuma chini ya gari pande zote mbili, akaikaza springi kwa kibanio kidogo kidogo, upande huu kisha upande ule, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa ya dawa. Alipochomoa shokapu alizifuta vumbi kwanza. Sedekia mwenyewe angefanya hivyo hivyo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mchana mama yao, Faustina, akapakua kuku. Sasa katika nyumba ile, tangu baba yao afariki, firigisi ni ya Sedekia. Haisemwi, inawekwa tu kwenye sahani yake. Siku hiyo mama aliinyanyua kwa kijiko, akaizungusha juu ya sahani zote, ikatua kwa mgeni.

"Kula, mwanangu, umetoka jasho."

"Ndaga, mama," Isakwisa akashukuru kwa lugha ya kwao, akaitafuna palepale.

Sedekia akasema ameshiba. Akatoka kusimama getini apate hewa, na hapo ndipo alipoliona tuta. Kihesa ni mlima, kila nyumba ina tuta la mawe na saruji getini, mvua isiingie ndani. Hili alilijenga yeye mwenyewe, mwaka maji yalipojaa jikoni. Akapima kwa mguu: linafika juu ya kifundo. Akageuka kuangalia springi za njano. Mbili zilikuwa tayari ndani, mbili bado. Angesema pale, wangelivunja tuta kwanza, au wangelitoa gari nje wakamalizie barabarani.

Hakusema. Alirudi kwenye kigoda.

Saa kumi gari likashushwa chini. Kwa kweli lilipendeza, matairi yameingia ndani ya mabawa, pua inakaribia kunusa saruji. Mama akapiga vigelegele. Ombeni akaingia, akawasha, akalipeleka getini taratibu. Matairi ya mbele yakapanda, yakashuka upande wa pili. Halafu *grrrr*. Tumbo likakaa juu ya tuta. Likagoma kwenda, likagoma kurudi.

Isakwisa akalala chini kuchungulia. "Bomba la moshi limeinama, bro. Sisi tulikuwa tunaangalia gari tu."

Ombeni alishuka, akalitazama tuta, kisha akamtazama kaka yake.

"Kaka, ulikuwa hapa tangu asubuhi. Hukuona?"

"Niliona."

"Saa ngapi?"

"Wakati mnakula."

"Kaka! Springi mbili zilikuwa bado! Sasa ukanyamaza kwa nini? Nimekukosea nini mimi?"

Mama akasogea karibu, mwiko mkononi. Sedekia alilitazama lile gari jekundu lililokalia mawe yake.

"Nilitaka uniite mimi," alisema. "Gari lako, nyumbani kwetu, nilitaka uniambie, kaka, njoo unifungie springi."