Kamila na Mtoto Wake

Soksi ya kubana ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mguu Wamaitha aliposimamisha mkono.

"Leo unanivisha kama unafunga gunia," Emilia alisema. Ana miaka tisini na mmoja, lakini ulimi wake haujazeeka.

Wamaitha hakucheka. Mdomo wake mwenyewe ndio uliomponza. Wanaotunza wazee majumbani hutia sahihi kwamba jina la mtu halitavuka mlango wake. Yeye alilibeba la Emilia hadi nyumbani kwake Hallonbergen, mtaa wa huku Uswidi, akalimwaga mezani kwa mzaha: "Leo nimesugua vijiko vya fedha vya ukoo wa Stjernvik, utadhani nimetoka ikulu!" Kina mama wenzangu, mkifunga mlango wa mzee, fungeni na mdomo. Watoto wana masikio.

Binti yake, Eve, alilidaka jina hilo. Wiki tatu akashinda kwenye jumba la nyaraka za kale, na jana jioni akaweka nakala mbili karibu na bakuli la mboga ya sukuma.

Ya kwanza ilikuwa wasia wa mwaka 1813, kutoka Saint-Barthélemy, kisiwa cha mbali ambako Waswidi walitawala na kumiliki watumwa. Stjernvik mmoja aligawa vijiko, ng'ombe, kisha watu. "Binti yangu apewe Kamila. Mwanangu wa kiume apewe mtoto wa Kamila." Ya pili ilikuwa orodha ya kodi ya mwaka uliofuata, iliyotaja watumwa wa kila mmiliki. Kamila yumo. Mtoto hayumo kwa binti, hayumo kwa mwana, hayumo popote.

"Kesho nawasomea darasani," Eve alisema. "Na jina la ukoo."

"Ukilisoma nafukuzwa kazi! Watauliza ulilitoa wapi."

"Kwenye nyaraka, mama."

"Kinywani mwangu! Nikikosa kazi tutakula hizo karatasi?"

Eve akajibu kwa Kiswidi, polepole: "Na Kamila alimwuliza nani mtoto wake yuko wapi?"

Swali hilo lilipanda treni na Wamaitha asubuhi. Sasa akatoa nakala ya wasia mfukoni mwa aproni.

"Mama Emilia, nililitoa jina lako humu ndani. Binti yangu atalisoma shuleni leo mchana. Nimeona ulisikie kwangu kwanza."

Emilia alisoma kwa kioo cha kukuzia. Vijiko. Ng'ombe. Kisha Kamila na mtoto wake.

"Unajua naweza kupiga simu ofisini kwenu."

"Najua. Namba iko pale kwenye friji."

Simu ilikuwa karibu na mkono wake. Hakuigusa, wala hakuisogeza.

"Huyu mtoto, jina lake nani?"

"Hawakuandika."

"Lakini lazima alikuwa nalo."

"Kwetu mtoto hazaliwi bila jina. La bibi yake humngoja. Kamila alilijua."

Kioo kikabaki juu ya maneno "mtoto wa Kamila", pasipo na jina. Chini, mguu wa pili ulikuwa bado hauna soksi, wa baridi. Wamaitha akaushika kwa viganja viwili, akangoja neno la Emilia.