Sakafu ya Gari la Marehemu

Marehemu mume wangu aliniachia gari ambalo ukiinua kapeti unaiona barabara. Kutu ilikuwa imekula sakafu ya mbele, kushoto na kulia. Mvua ikinyesha tunafika ibadani viatu chapachapa, kana kwamba tumekuja kwa miguu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasema basi, Jumamosi analeta watu wa vyuma chakavu walivute.

"Na wakilikuta limepata sakafu?"

"Shemeji, likipata sakafu sina neno. Lakini hilo? Hilo lilishakata roho."

Nikamwita mkwe wangu, mume wa binti yangu. Ni fundi hodari wa mageti na madirisha. Gari alikuwa hajawahi. Ijumaa akang'oa viti, akawasha mashine ya kukatia, cheche zikaruka mpaka kuku wakahama uani. Akafanya kama afanyavyo kwenye geti: bati bovu lote nje kwanza, pande zote mbili kwa mpigo. Mimi nimekaa kwenye kigoda, naomba kimoyomoyo, macho hayambanduki.

Jumamosi asubuhi, anapanga mabati mapya, nikaona mlango wa dereva haujakaa sawa. Juu umebana, chini unapitisha kidole.

"Mwanangu, usichomelee kwanza. Hebu funga mlango."

Akausukuma. Ukagonga, ukarudi. Wa pili vilevile. Akakaa chini palepale.

"Mama, nimeliua. Geti ukilitoa bati, fremu inabaki imesimama. Hili limelegea kiuno!"

"Ungechomelea hivi, ingekuwaje?"

"Milango isingefunga tena."

"Basi Mungu kakushika mkono mapema. Inuka, tulinyooshe."

Shemeji akaingia na shati jeupe la pasi. "Wenye vyuma wako njiani. Kumbe mmeshawaanzia kukata!"

"Utacheka baadaye. Shika jeki."

"Na shati hili?"

"Utalifua. Una mikono."

Akalala chini ya gari huku ananung'unika. Mkwe akaweka ubao mnene kati ya jeki na bodi, wakaanza kuinua taratibu. Kazi yangu ikawa kujaribu mlango.

"Bado. Bado. Ongeza unywele mmoja."

"Unywele wa nani, Shemeji? Mimi kipara!"

Tukacheka hadi mkwe akaangusha spana. Shemeji akazungusha tena, nami nikausukuma mlango kwa kidole tu. Ukaingia, ukasema ko! Nikaufungua nikaufunga tena, kwa raha tu. Ko! Wa pili nao, ko!

Mkwe akachomelea vyuma vya muda kwenye nafasi za milango, kiuno kisilegee tena, kisha sakafu yenyewe, kipande huku, kipande kule, isipinde kwa moto. Wenye vyuma walipopiga honi nje, Shemeji ndiye aliyetoka mbio, shati limekuwa la mkaa.

"Hapa hapana chuma chakavu, jamani! Mmetajiwa nyumba siyo!"

"Si wewe uliyetuita?"

"Aliyewaita alikuwa hajaona milango ikifunga."

Mkwe akakata vile vyuma vya milangoni, akafunga kiti cha dereva, kimoja tu. Nikasema bismillahi, nikawasha. Likaitika. Shemeji akajitupa nyuma, akaketi juu ya bati jipya ambalo hata rangi halijapakwa, akalipiga kofi.

"Pitia kwangu kwanza, mke wangu alione!"

"Na mimi, Mama," mkwe akadakia, "pitia kwa binti yako. Asije akaambiwa na majirani."

Nikapita kote kuwili, tena kwa barabara ndefu.