Yaya Haolewi

Kunguni nimelala nao. Chai yenye mende nimekunywa, nikamtoa kwa kidole nikamalizia. Bosi wangu wa kwanza alinifundisha kazi kwa mkanda wa suruali. Kwa hiyo ukiniona mimi nimeshika pua, ujue jambo limevuka mpaka, na siku ya mazoezi ya mwisho nilishika pua.

Mimi ni mvuta kamba katika ukumbi wa maigizo. Mtu akiruka jukwaani ukadhani ana mabawa, mabawa ndiyo mimi, nimejibanza nyuma ya pazia natoka jasho kama punda wa maji. Kazi yetu ina amri moja: aliyefungwa kamba ndiye mwenye amri. Mkononi mwake kuna uzi mwembamba unaokuja hadi kwenye kidole changu. Akiuvuta mara mbili, napandisha. Akiuvuta mara moja, nasimama. Mwongozaji apige magoti, apige kelele, apige hata simu kwa mama yake, mimi nasikiliza uzi.

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye kitabu cha shangazi yangu. Alikitunga mimi sijazaliwa: yaya wa ajabu, koti jeusi, viatu vya kijeshi, hacheki hata umtekenye. Anatema mate kwenye leso na kumfuta mtoto uso, na uso uliofutwa hauwezi kusema uongo mpaka jua lizame. Mwishoni, asubuhi moja, upepo unamchukua. Haagi mtu. Watoto walilia kwenye ukurasa ule, wakarudi kuusoma tena ili walie vizuri zaidi.

Shangazi hakumwokota yaya huyo hewani. Alilelewa na wa kweli, tangu mama yake afariki, mpaka siku aliyoamka akakuta kitanda cha yaya kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Hakuambiwa sababu, si siku hiyo, si ukubwani. Akatunga upepo ili apate wa kumlaumu.

Kisha wakaja mafundi wa kumtengeneza upya. Filamu ilimvisha gauni la waridi, akaimba na panya. Katuni ikampa kijiko kinachoongea. Shangazi alitazama zote mbili mpaka mwisho, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Ukumbi wetu ulipomwendea, aliniuliza mimi.

"Hao watu wako wataniachia mwisho wangu?"

"Watakuachia, shangazi. Si mimi niko pale?"

"Haya. Nakuamini wewe, siwaamini wao."

Mwongozaji naye akaapa mbele yake: "Mama, mwisho haugusiki." Huyo tulimwita Asali, kwa sababu kila mtu kwake ni "asali wangu", hata mfagiaji mwenye ndevu.

Sasa sikia. Kitabuni dawa ambayo yaya huwanywesha watoto ni chungu. Asali akataka tamu, ya waridi, inayong'aa. Wakachemsha sukari na rangi, wakajaza ndoo, na ndoo ikakaa nyuma ya jukwaa tangu mazoezi yalipoanza. Juu iliota ngozi. Chini ya ngozi kulikuwa na nzi, wengine wamekufa, wengine bado wanafikiria. Sakafu ilinata mpaka viatu vikawa vinabusu mbao. Siku ile ya mwisho watoto waigizaji walilishwa vijiko vitatu vitatu, na mdogo wao akatapikia kofia ya yaya. Matapishi ya waridi.

"Futeni, tuendelee!" Asali akapiga makofi. "Wapenzi, nimeota mwisho mpya. Yaya haondoki."

"Anabaki kufanya nini?" nikauliza.

"Anaolewa na baba wa watoto! Harusi! Keki! Na wewe asali wangu unampandisha yaya kidogo tu, kimo cha kigoda. Bwana harusi atasimama kwenye kigoda, wabusiane hewani. Watu watalia."

"Watalia kweli," nikasema. "Kuna waliosoma kitabu."

"Nani bado anasoma kitabu?"

Baba wa watoto alikuwa mwigizaji anayetafuna vitunguu vibichi kabla ya kupanda jukwaani, eti vinafungua sauti. Sharubu zake za gundi zilikuwa zimenasa mchuzi wa mchana. Alipoinama kujaribu busu, yaya, yaani dada mwigizaji, alifumba macho kama anayedungwa sindano. Wakatoa keki, wakaimwagia dawa ile ile ya ndoo. Nzi wakahudhuria harusi bila kadi. Nikashika pua.

Jioni ile nikamweleza shangazi. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejipanga, matusi nayajua, hayanivunji mfupa. Hakutukana.

"Kwa hiyo anabaki," akasema.

"Anabaki, shangazi. Anaolewa."

"Mimi ningempa macho yangu abaki. Hakubaki." Akaikunja leso yake, akaikunjua. "Nilichukua miaka kulisema hilo bila kulia. Huyo mtu wako analifuta kwa keki." Akanitazama. "Niwekee kiti cha mbele."

Mchana wa onyesho la kwanza ukumbi ulijaa. Nilikuwa namfunga dada mwigizaji mkanda chini ya gauni la harusi. Mikono yake ilinata.

"Kaka, yule mama wa kiti cha mbele ndiye?"

"Ndiye. Shangazi yangu."

"Nilikisoma nikiwa na miaka saba. Mama yangu naye aliondoka hivyo hivyo." Akautazama uzi kwenye kiganja chake. "Kamba hii inaishia wapi?"

"Juu kabisa. Ukitaka kusalimia popo, utafika."

"Na nisipokuambia usimame?"

"Dada, mimi nasikiliza uzi."

Ikafika harusi. Keki ikaingia na nzi wake. Bwana akapanda kigoda, akafungua mdomo, na harufu ya kitunguu ikanifikia mimi nyuma ya pazia. Uzi ukavutwa mara mbili. Nikapandisha. Kimo cha kigoda kikafika. Nikasubiri mvuto mmoja.

Haukuja.

Nikapandisha. Bwana akabusu hewa, kisha goti, kisha kiatu cha kijeshi ambacho dada hakuwa amekivua. "Simamisha!" Asali akafoka gizani. "We, simamisha!" Kidole changu kimya. Nikapandisha. Bwana akakosa mizani, akakalia keki. Yaya akaenda juu, hatazami chini, hapungi mkono, mpaka viatu vikapotea kwenye giza la dari.

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, hajaaga?" Ndipo wakaanza kulia, watoto kwanza, halafu mama zao. Kisha makofi.

Asali alikuja mbio kunifukuza kazi. Njiani akayasikia makofi, akageuza uso kama anayegeuza shati. Alipofika, shangazi naye alikuwa amefika.

"Mama! Umeona? Nilipanga hivyo tangu mwanzo!"

Shangazi akamshika kidevu. Akatema mate kwenye leso, mate ya mtu anayemung'unya dawa ya kifua mchana kutwa, akamfuta uso wote, paji, pua, midomo. Nikashika pua tena, na mimi ndiye mnywa chai ya mende.

"Sema tena," akamwambia.

Asali akafungua mdomo. Akaufunga. Akaenda kutafuta maji.

Dada mwigizaji alikuwa bado darini. "Kaka!" akaita. "Nishushe, popo wamenisalimia vya kutosha!"

Nikamshusha polepole. Shangazi alisimama chini akimtazama, na viatu vile vilipogusa sakafu akaviangalia kwa muda mrefu, kisha akampa mkono, tu.

Halafu akanigeukia, leso bado imelowa.

"Na wewe, njoo."

"Shangazi, mimi ni msafi."

"Una sukari shavuni. Njoo, baba."

Nilikuwa na mahali pa kukimbilia. Nikasogeza shavu.