Shimo Lisilojaa

Kwa miaka sita nilijivunia shimo. Nililichimba mwenyewe nyuma ya gereji yangu, kina chake kikinizidi kimo, na oili chafu yote niliyoitoa kwenye injini niliimwaga humo. Mafundi wengine walimwaga kwenye mtaro wakagombana na majirani. Mimi nilijiona mstaarabu. Hata wateja niliwaonyesha: tazameni, halijai. Sikujiuliza hata siku moja oili ilikuwa inakwenda wapi. Huo ndio ujinga wangu, na ninausema mapema nisije nikajipamba.

Upande wa pili wa ukuta wa gereji ni uwanja wa nyumba yetu, na katikati yake kuna kisima cha mama. Mtaa mzima ulichota hapo. Mama ndiye aliyeshika kamba na ndoo, na ndiye aliyeamua nani atangulie.

Mwaka huu mvua zilipokatika maji yakawa na ladha mbaya. Watoto wa dada yangu wakashikwa na tumbo. Mama akaniita ninuse ndoo, nami nikanusa, sikusikia kitu. Pua inayoshinda kwenye oili kutwa nzima ingesikia nini?

Badala ya kunyamaza, nikamtaja Mama Buluu. Huyu ni mtia rangi vitambaa wa nyumba ya tatu, rafiki wa mama wa siku nyingi. Maji yake ya kusuuzia hupita mtaroni yakiwa ya buluu, kila mtu anayaona. Oili yangu haikuonekana, ilikuwa imeshazama. Mdomo wangu ukamponza mwenzangu. Mama akamkataza kuchota, na majirani wakapanga kikao cha Jumapili ili mwenye nyumba aliyopanga ashinikizwe kumfukuza. Pale ndipo alipolala na ndipo alipofanyia kazi. Akitoka, angeanzia wapi?

Jumamosi nikatafuta ushahidi wa kummaliza. Sisi mafundi tukiishuku petroli tunaidondoshea karatasi: iliyo safi hukauka ikapotea, iliyochanganywa huacha doa. Nikachota maji ya juu kisimani, nikachovya karatasi nyeupe, nikaianika nikisubiri buluu.

Ilikauka bila buluu. Kulikuwa na doa la mafuta, na nilipoweka kidole nyuma yake nilikiona kupitia lile doa. Nikarudia mara tatu. Nikakaa juu ya tairi. Kiberiti kilikuwa mfukoni. Nitasema kweli: nilikitoa, nikawaza kuzichoma zile karatasi, na nikaona aibu kwamba nimewaza.

Jumapili Mama Buluu alikaa peke yake kwenye ukingo wa baraza, mikono ya buluu hadi viwiko. Jirani wa kwanza alikuwa hajamaliza kumshtaki niliposimama na kumpa mama karatasi.

"Si yeye," nikasema. "Ni shimo langu."

Mama aliiinua karatasi kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. Kisha akaenda kwa rafiki yake, akamshika ile mikono, akamwomba radhi mbele ya wote. Mimi hakunitazama.

Mpimaji wa idara ya maji alikuja akakifunga kisima. Alisema huenda ikapita miaka kabla maji yake hayajanyweka tena. Nilichimbua udongo mweusi siku tisa, ukapelekwa alikoelekeza yeye. Siku hizi oili naikinga kwenye mapipa yenye vifuniko, na kila mwezi hupita gari la watu wanaoisafisha itumike tena. Hata Mama Buluu aliambiwa asimwage moja kwa moja mtaroni, sasa ana tangi la kutuamishia rangi. Yeye hakubisha. Mafundi wenzangu ndio wanaobisha, na nikiwaona na mashimo yao natamani kuwatia makofi.

Maji ya kunywa mama anayapata kwa Mama Buluu, mwenye tangi kubwa la maji ya mvua. Kila asubuhi hupita mbele ya gereji na ile ndoo ya kisimani, mwanamke aliyekuwa akigawia mtaa mzima, anakwenda kuomba. Akirudi huwa imejaa, na bega moja limeshuka.

Jana nilimkimbilia nimpokee.

"Acha, mwanangu," akasema kwa upole. "Mikono yako ina oili."