Beseni Kando ya Kompyuta

Mama mkubwa alikuwa amefeli mtihani wa kompyuta mara mbili. Alibakiwa na jaribio moja. Akishindwa, leseni yake ya unesi haihuishwi, na wodi ya watoto ataiaga baada ya miaka ishirini na sita.

Masomo yenyewe hayakuwa na mwalimu. Kila nesi alikaa peke yake mbele ya kompyuta, katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, akajisomea, kisha akajibu maswali. Mimi nilikuwa nadeki humo kila mchana. Shule niliiachia darasa la tano, kwa hiyo nilizoea kunyamaza.

Mapazia ya kijani yaliufanya mwanga uwe kama wa chini ya maji. Kwenye kioo cha kompyuta alitokea mtoto mgonjwa, kifua kikipanda na kushuka polepole, hata dekio langu likaanza kumfuata. Panda, shuka. Nikahisi chumba kizima kinapumua.

"Kidude hiki kinanionea," mama mkubwa alinong'ona. "Nikitaka kujibu tu, kimeshafunga swali."

Kinamwoneaje? Niliegemea mpini nikatazama. Mtoto akaondoka, akaja mwingine. Mama mkubwa akainuka, akaenda hadi bombani mwisho wa korido, akanawa mpaka viwikoni, akarudi mikono ikichuruzika. Muda wa swali ulikuwa umekwisha. Wala hakujua kwamba ameinuka. Miaka yote hiyo hajawahi kumgusa mtoto wa pili kwa mikono iliyotoka kwa wa kwanza.

Nikaendelea kudeki. Nani amfundishe nesi, mimi wa dekio? Siku ya jaribio la mwisho nikabeba beseni la maji safi, sabuni na taulo, nikaviweka kando ya kiti chake, nikarudi konani.

Akalitazama beseni. Akanitazama.

"Kumbe huwa nainuka?"

"Kila mtoto, mama."

"Na wewe umetulia tu kama maji ya mtungini." Akakunja mikono ya gauni. "Nikiilowesha hii mashine, nitasema ni wewe."

Akanawa, akajifuta, akajibu. Akanawa tena. Watoto walikuja mmoja mmoja, wakapumua, wakaenda zao, na povu la sabuni likang'aa kijani.

Mwishowe neno likatokea, nikalisoma mwenyewe taratibu kutoka kwenye kona yangu: Umefaulu. Mama mkubwa hakuliona. Alikuwa ameinamia beseni, ananawa kwa ajili ya mtoto anayefuata.