Siku Fundi Aliposema Leo

"Ziko kumi na moja," alisema mama yule kabla hata hajasalimiwa vizuri, kidole chake kikipita juu ya mgongo wa kompyuta iliyolala kifudifudi mezani. "Kumi nyeusi. Hii moja ya njano si ya seti."

Fundi aliinama, akatazama. Kweli, skrubu moja ilikuwa ya njano, na kichwa chake kilisimama juu kidogo kuliko wenzake. Akaguna tu. Katika kazi yake skrubu hupotea kama vifungo, na ukiikosa yenyewe unatafuta jamaa yake kwenye kopo. Si jambo la kumwambia mteja.

"Mama, una macho."

"Nimeshona nguo miaka thelathini. Mtu akinibadilishia kifungo kimoja, naona shati zima limekaa upande."

Chumba cha fundi kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Meza, kiti, taa ya shingo ndefu, na nyuma yake rafu iliyojaa mashine za watu walioahidi kurudi. Kila moja ilikuwa na kipande cha utepe mweupe chenye jina la utani, maana fundi hakuwa na kichwa cha kushika majina halisi: Mwalimu Mfupi, Bwana Risiti, Mama Mapacha. Jirani yake alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao, hivyo kila alichosema mmoja mwenzake alikisikia.

"Inafanyaje?" aliuliza fundi.

"Ukibonyeza, kijitaa kinawaka, kinazima. Kama mtu anayetaka kusema neno halafu akajizuia."

"Iache hapa. Njoo kesho."

"Ninyi mafundi na kesho zenu!"

Hapo ndipo fundi alipochangamka. Kwa lawama hiyo alikuwa na jibu lake la akiba, na alilipenda. Mchomeleaji alikuwa amelisikia mara mia, na bado alizima mashine yake ili alisikie tena.

"Mama, mimi nimewahi kusema leo. Mara moja tu maishani. Kuna dada alinisumbua wiki nzima, kila siku yuko mlangoni, mpaka nikambatiza Dada Haraka. Nikamtengenezea. Kesho yake akapiga simu, imekufa tena. Nikamwambia, ilete leo, leo hii, nakusubiri. Unajua alinijibuje?" Fundi alibana koo, sauti ikawa nyembamba. "'Leo kweli? Fundi kasema leo! Basi nakuja mbio kabla hujaigeuza ikawa kesho!' Halafu akacheka, hi-hi-hii, ile ya mwisho akaivuta ndani kama mwenye kwikwi. Nimesubiri mpaka jioni, hata kula sijala. Hakutokea! Tangu siku hiyo, mama, sisemi leo."

Ng'ambo ya mbao mchomeleaji alicheka.

Mama hakucheka. Alikuwa akikunja kitambaa alichofungia kompyuta, na mikono yake ikasimama katikati ya mkunjo.

"Aliivuta ndani?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Hiyo ya mwisho."

"Aa, natania tu, mama yangu."

Akamalizia kukikunja kitambaa. "Ni ya binti yangu," alisema. "Marehemu. Aligongwa na gari akivuka barabara. Mwaka wa nne huu."

Fundi aliona aibu kwa utani wake. Akampa pole, naye akaipokea kama mtu aliyepokea nyingi.

"Jioni ya siku moja kabla, tuligombana. Kutwa nzima alikuwa ameiinamia hiyo kompyuta. Baada ya chakula nikamwambia, basi nenda ukaolewe nayo. Asubuhi alitoka bila kuniaga. Sasa, yeye alikuwa mtu wa kuandika. Nataka nijue tu kama usiku ule aliniandikia neno. Nijue kama alikwenda na hasira yangu."

"Njoo kesho," alisema fundi, na safari hii alimaanisha.

Alipoondoka, fundi aliwasha taa, akashika bisibisi. Skrubu nyeusi zilitoka bila ubishi. Ya njano ikagoma. Aliikazia mkono mpaka ikalia, na ilipotoka akaona kwamba ilikuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, kwa urefu wa punje ya mchele. Akafungua kifuniko. Ncha yake ilikuwa imefika mpaka kwenye bodi na kuchimba, ikakata njia mojawapo ya umeme, zile nyembamba zinazoonekana kwa kioo cha kukuzia. Mtu alikuwa ameilazimisha.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na kipande cha utepe mweupe. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. DADA HARAKA, na chini yake tarehe. Miaka minne iliyopita.

Fundi alikisoma, akakisoma tena. Kisha akatazama kona ya kompyuta, pale ilipobonyea. Saa moja kabla angesema ilianguka kutoka mezani.

Alikumbuka yote, tena kwa namna ambayo hakuwahi kuyakumbuka alipokuwa akiyasimulia. Kompyuta ilikaa kwake wiki nzima bila kuguswa, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Skrubu ilimdondoka, akaisaka sakafuni, akachoka, akachukua ya kwenye kopo. Ilikataa kidogo mwishoni. Akaisukuma. Binti alipopiga simu kesho yake kusema imekufa tena, fundi alijua palepale ni nini. Wala si wema uliomfanya aseme leo. Aliogopa asije akaenda kuifungua kwa fundi mwingine. Na jioni alipompigia mara mbili simu ikaita bila kupokewa, alisema kwa sauti, mchomeleaji akisikia, "Watu wa haraka hawana adabu."

"Fundi, umelala?" mchomeleaji aliita.

Angeweza kuweka skrubu nyeusi mahali pa ile ya njano. Angeweza kubandua utepe na kusema, mama, bodi imeoza, nisamehe. Nani angejua? Mama angeondoka na kitambaa chake, na yeye angebaki na rafu yake. Akageuka akaitazama hiyo rafu. Mwalimu Mfupi. Bwana Risiti. Mama Mapacha. Miaka yote aliwaita wasahaulifu. Sasa ndiyo kwanza akajiuliza wako wapi, na nywele za mikono zikamsimama mchana kweupe.

Akaikwangua njia iliyokatika mpaka shaba ikang'aa. Akalaza juu yake waya mwembamba kama unywele, akaulehemu ncha hii na ncha ile. Akapuliza vumbi. Akachomeka chaja, akabonyeza.

Kijitaa kikawaka. Hakikuzima. Feni ikakohoa, ikashika mwendo, na kioo kikajaa mwanga. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kompyuta iliamka ikiwa imepotea majira: pembeni palionyesha siku ya kwanza ya mwaka wa zamani, mwaka ambao binti alikuwa hai na hajawahi kukanyaga pale. Fundi alifunika kioo upesi. Hakufungua faili hata moja. Ile skrubu ya njano akaitia mfukoni, na kutwa nzima iliyobaki ilimchoma pajani kila alipoketi.

Mama alifika asubuhi duka halijafagiliwa. Fundi akampa kiti chake, yeye akasimama, akamfungulia faili la mwisho.

Lilikuwa la mchoro wa gauni. Juu yake pameandikwa: *La Mama. Asijue.* Pembeni vipimo, mabega, kifua, kiuno, urefu. Mama alivaa miwani, akasogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Alinipima lini huyu?" alinong'ona. "Kwa macho tu. Ona, kiuno kanizidishia inchi mbili. Nilikuwa mnene hivi?" Akacheka, na machozi yakapita chini ya miwani. Kisha akajifuta. "Aliandika saa ngapi?"

Fundi alikuwa ameiona saa pale alipolifungua faili, na aliliogopa swali hilo. "Saa kumi alasiri. Baada ya hapo hakuna kitu."

"Ugomvi ulikuwa usiku."

"Ndiyo, mama."

"Basi haijasema." Alivua miwani, akaiweka mapajani. "Siku ile alikuwa nayo mkobani. Ndiyo maana ikabonyea."

Fundi alitia mkono mfukoni. Akaiweka skrubu ya njano mezani, mbele yake, ikabiringika kidogo na kutulia.

"Hii ni yangu," alisema. "Niliiweka mimi. Ndiyo iliyoiua kompyuta yake. Alikuwa anakuja kwangu, mama. Mimi ndiye niliyemwambia leo."

Mchomeleaji alikuwa ameanza kazi, chuma kililia ng'ambo ya mbao, na fundi alishukuru kwa kelele ile. Alingoja kofi, au kilio, au kiti kusukumwa. Mama aliichukua skrubu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayepokea sindano, akaigeuza kwenye mwanga.

"Nilijua jana," alisema. "Ile kwikwi. Hakuna mwingine anayecheka vile. Nimekesha nayo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama utasema wewe."

Fundi aliona aibu, ila chini ya aibu palikuwa na kitu kilichomsukuma, na safari hii hakikuwa woga. "Hakuwa na hasira," alisema. "Naapa, mama. Mtu mwenye hasira hacheki vile."

Mama alifumba kiganja juu ya skrubu.

"Sema tena," alisema. "Kama ulivyosema jana."

"Mama, siwezi."

"Sema."

Fundi akasafisha koo. Kwa jirani mashine ilizimwa. Yule bwana alikuwa amesikia koo la fundi linavyosafishwa, na alikuwa anangoja kitu chake akipendacho. Ikabaki sauti ya feni ya kompyuta tu, ikipepea katika mwaka wake wa zamani.

"Leo kweli?" alisema fundi kwa sauti ile nyembamba. "Fundi kasema leo. Basi nakuja mbio kabla hujaigeuza ikawa kesho." Akacheka, hi-hi-hii, na ile ya mwisho akaivuta ndani.

Mchomeleaji, asiyejua lolote, alicheka palepale anapocheka siku zote.

Mama alikuwa amefumba macho, uso ameuelekeza mlangoni.

"Tena," alisema.